Makaa Yakiisha, Njia Hubaki

Ndugu zangu wana-Mbinga,

Wapenzi wa soka mnaijua Sunderland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Uwanja wake, uliofunguliwa 1997, umejengwa palipokuwa mgodi wa makaa ya mawe wa Monkwearmouth, uliofungwa 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1980, kiwanda cha chuma cha Consett, mji wa bara kidogo, nacho kilifungwa. Maelfu walikosa kazi, na treni zikakoma.

Reli iling'olewa, ila tuta lake likahifadhiwa na kufanywa njia ya baiskeli. Mwaka 1994 likaingia katika njia ndefu iitwayo C2C: kilomita 225 hivi, kutoka Whitehaven, mji wa pwani ya magharibi uliokuwa nao wa makaa, hadi Sunderland. Wasafiri hula na kulala vijijini. Fedha hiyo haikurudisha ajira zote za migodini, lakini huingia hadi leo.

Mimi ni mhasibu: tani ikishachimbwa haioti tena. Nasi Ngaka tunachimba. Tuamue sasa, malori yangali yanapita, wajukuu tutawaachia nini: shule, zahanati, barabara. Changia, ndugu yangu.