Kiasi na Kalibu: Historia Fupi ya Kushindilia Bunduki za Tundu Dogo

Kamusi za zamani za Kiswahili hulipa neno kiasi maana mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu, yaani kadiri au kipimo, nayo ina asili ya Kiarabu. Ya pili ni risasi pamoja na ganda lake na baruti iliyomo ndani, na ndiyo sababu bunduki ipakiwayo kwa nyuma iliitwa bunduki ya viasi. Maana hii ya pili imefifia, na mahali pake pameshikwa na risasi, neno ambalo asili yake ni jina la madini tu. Hata hivyo, katika maana hizo mbili imo habari kubwa: ni nani aliyekuwa akipima, na ni lini kipimo kilitoka mkononi mwake.

Mwenye gobori alipima mwenyewe. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia kitambaa, akashindilia kwa mdeki, kisha akatia risasi au marisau na kushindilia tena. Katika gumegume aliongeza baruti kidogo kwenye kifa. Katika bunduki za baadaye aliweka fataki. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, aghalabu kwa sehemu 75, 15 na 10 katika mia, nayo kwa kadiri fulani huvumilia mkono usio na mizani. Risasi ilikuwa ikiyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.

Neno kalibu halifai kupitwa hivi hivi. Kwa Kiarabu, kama kwa Kiswahili, ni chombo cha kutilia umbo kitu kilichoyeyuka. Wanaisimu wengi hushikilia kwamba neno hilo hilo liliingia katika lugha za Ulaya, likawa jina la upana wa tundu la mtutu, na kutoka huko likarejea kwetu kwa mlango mwingine likiitwa kaliba. Basi kalibu na kaliba ni ndugu waliopotezana njiani.

Mnamo tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya pamoja na wenzao, Zanzibar ikiwa miongoni mwao, yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini mkataba huo ulipiga marufuku, isipokuwa kwa idhini maalumu, kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo lote la Afrika lililo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Waafrika waliachiwa silaha ambayo Ulaya ilikuwa imekwisha kuitupa, na wakati wenyewe uliochaguliwa wastahili kuangaliwa, kwani ilikuwa ndiyo kwanza silaha zinabadilika kabisa.

Mabadiliko hayo yalianzia Ufaransa. Mwaka 1884 Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1886 jeshi la nchi hiyo likapata bunduki ya Lebel, yenye tundu la milimita 8. Kabla ya hapo Martini-Henry ya Waingereza, kwa mfano, ilikuwa na tundu la zaidi ya milimita 11. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 31 hivi, ikisukumwa na gramu 5 na nusu za baruti nyeusi. Bunduki iliyoirithi mwaka 1888, Lee-Metford ya .303, ilikuwa na tundu la milimita 7.7 na risasi ya gramu 14. Ajabu ni kwamba bunduki hii mpya ilianza maisha yake kwa baruti nyeusi iliyogandamizwa, maana kordaiti ilikuwa bado haijawa tayari. Ilipokuja, gramu 2 hivi zilitosha. Lakini ukali wake ulikula mifuo ya mtutu wa Metford, ikabidi mifuo mingine itengenezwe, na mwaka 1895 ikatokea Lee-Enfield.

Tofauti ya moshi ilionekana wazi Tanga, Novemba 1914. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871 ya milimita 11, na kila mlio ulipandisha wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Walishinda hata hivyo, wakateka bunduki za kisasa na shehena kubwa ya risasi.

Wawindaji nao waligawanyika juu ya tundu dogo. W. D. M. Bell, aliyepewa lakabu ya Karamojo kwa ajili ya safari zake za Karamoja, aliwaua ndovu wengi mno kwa Mauser ya milimita 7, akilenga ubongo kwa risasi ngumu ya gramu 11 hivi. Hesabu yake yote ilipita ndovu 1,000, jambo ambalo leo halisomwi bila huzuni. Lakini yeye, pamoja na ustadi wake wote, alitegemea kiasi kilichopimwa kiwandani Ulaya. Mhunzi wa kijijini angeweza kuyeyusha risasi. Hakuweza kuunda ganda la shaba wala baruti ile mpya.

Ganda la shaba, hata hivyo, halifi kwa mlio mmoja. Wapenzi wa bunduki za kale, hasa katika Marekani, Uingereza na Australia, huliokota wakalijaza upya. Fataki iliyokufa hutolewa, ganda husafishwa, kisha hubanwa katika kalibu ya chuma ili lirudie umbo lake. Hutiwa fataki mpya, baruti na risasi. Kazi huwa ngumu zaidi au rahisi zaidi kwa kutegemea kitako cha ganda. Ganda la namna ya Boxer lina kitundu kimoja katikati, na sindano huisukuma fataki nje mara moja. La Berdan lina vitundu viwili pembeni, na sindano hiyo haifai. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioshikamana na Boxer, na risasi nyingi za kijeshi za .303 zikafuata Berdan.

Hatari kubwa imo katika baruti. Desturi ya kulijaza ganda baruti nyeusi mpaka chini ya risasi ikifuatwa kwa baruti isiyo na moshi, mtutu hupasuka na aliyeushika huumia au hufa. Kwa hiyo mizani imerudi mezani, na baruti hupimwa kwa sehemu ndogo mno za gramu. Kwa bunduki iliyoundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, wenye hadhari huirudia baruti hiyo hiyo, ingawa usafishaji wake ni wa taabu.

Bunduki ndogo zaidi, ile ya .22 inayopigwa ukingoni, haimo katika kazi hii, kwa kuwa dawa ya fataki imo ndani ya ukingo wa ganda lenyewe. Lakini jirani yake wa makamo, .310 iliyofanyiwa vijana wa Australia waliofundishwa uaskari mwanzoni mwa karne ya 20, hulishwa mpaka leo: aghalabu mwenye nayo huchukua ganda la .32-20 la Winchester, la mwaka 1882, akalirekebisha, akamimina risasi katika kalibu yake, akapima kiasi mwenyewe.