Kulowea, Si Kujirekebisha

Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi ambazo hazikujiandaa bado zinahangaika. Kompyuta nyingi za zamani hazipokei Windows 11, kwa kuwa toleo hilo linadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mwenye mashine ya mwaka 2014 anabaki na njia mbili salama za kudumu: anunue nyingine, au aweke Linux. Wasomaji wa jarida hili wanayajua hayo, na wengi wao wameshayapitia. Kilichonifanya nishike kalamu ni kijitabu cha mafunzo nilicholetewa nikipitie, kazi ya taasisi ambayo sitaitaja. Kinaitwa Mwongozo wa Uhamiaji na Urekebishaji wa Watumiaji katika Mfumo Mpya wa Uendeshaji. Ndani yake watumishi wanaarifiwa kwamba wiki za mwanzo zitakuwa "kipindi cha kujirekebisha".

Naomba tulitazame neno hilo kama anavyolisikia mtumishi wa kawaida. Katika Kiswahili, anayejirekebisha ni mkosaji. Mwanafunzi mtoro huitwa na mwalimu mkuu akaambiwa ajirekebishe. Mtumishi anayechelewa kazini hupewa barua ya onyo, na mwishoni mwa barua hiyo hutakiwa ajirekebishe mara moja. Sasa mhasibu wa miaka mingi, asiye na kosa lolote, anakuta kompyuta yake imebadilishwa bila yeye kuulizwa, kisha anakabidhiwa kijitabu kinachomtaka ajirekebishe. Waandishi wake hawakukusudia kumtukana, lakini wamemtukana. Walichukua fasili ya kwanza ya neno la kigeni kwenye kamusi yao ya lugha mbili, wakaipachika, wakafunga kikao.

Uhamiaji nao una mwenyewe. Tangu Dar es Salaam hadi Nairobi, neno hilo ni la idara ya pasipoti na vibali vya ukaazi. Kitenzi hama hakina ubaya: mafaili huhamishwa, anwani za barua pepe huhamishwa, na mtu huhamia Linux kama anavyohamia Kigamboni. Taabu inaanza pale kitenzi chepesi kinapogeuzwa kuwa nomino nzito ili kijitabu kionekane cha kitaalamu. Isitoshe, kuhama ni tendo la siku moja. Fundi huja asubuhi, "akapiga Windows" au Linux, jioni akaondoka. Linaloanza kesho yake ndilo tunalolitafutia jina.

Wapo wenzangu, wengine marafiki, wanaosema neno kuzoea linatosha. Halitoshi, na nitaeleza kwa nini. Kuzoea humjia mtu bila yeye kufanya kitu. Mkazi wa kando ya barabara huzoea honi za magari na hakuna juhudi aliyoitia. Tena wahenga walikwisha kutuonya kwamba mazoea yana taabu, na katika kompyuta taabu hiyo huonekana kwa macho. Tangu Windows 95, mkono wa mtumiaji ulifunzwa kwamba kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto. Mwaka 2012 Microsoft ilikiondoa kitufe hicho katika Windows 8, watu wakalalamika duniani kote, na mwaka uliofuata kikarudishwa katika Windows 8.1. Mwaka 2021 Windows 11 ikakisogeza katikati, na hadi leo mikono inakwenda pembeni ikakosa kitu. Kwa hiyo mazoea ni jina la kile tunachotoka nacho kwenye mfumo wa zamani. Ukiliita kwa jina hilohilo na lile tunalokwenda kujenga kwenye mfumo mpya, umemwachia msomaji fumbo.

Nilikaa na mhasibu mmoja katika ofisi iliyotoka Windows 10 kwenda Linux. Alichomeka flashi, akafungua kidirisha cha mafaili, akatazama juu na chini.

"Mzee, D imekwenda wapi?"

Hapakuwa na D. Hapakuwa hata na C. Katika Linux diski hazipewi herufi. Kila kitu hutoka kwenye shina moja, na flashi hujitokeza kwa jina lake kama folda miongoni mwa folda. Nikamwonyesha folda ya nyumbani, ile ambayo kila mtumiaji hupewa yake na mwingine haigusi bila ruhusa. Akahifadhi barua aliyoiita Malipo. Baadaye akaandika nyingine akaiita malipo, kwa herufi ndogo, akasubiri kompyuta imuulize kama afute ile ya kwanza. Haikumuuliza. Kwa Linux hayo ni mafaili mawili, maana herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti. Akayatazama yote mawili yamepangana kwenye skrini, akaguna, akafungua daftari lake akaandika kanuni hiyo kwa kalamu. Baada ya hapo kila faili alilipa jina la herufi ndogo tupu, akajiwekea utaratibu wake wa tarehe mbele ya jina. Hakuna aliyemfundisha utaratibu huo. Alikuwa analowea.

Ndilo neno langu, na nimelitetea kwa muda mrefu kuliko wanavyopenda baadhi ya watu. Kulowea ni kwenda mahali pa ugenini, ukakaa, ukashika desturi za hapo hadi ukawa mtu wa hapo. "Alikwenda Unguja msimu wa karafuu, akalowea hukohuko." Sentensi hiyo mtu wa pwani huielewa bila kamusi. Ndani yake mna vitu vitatu ambavyo neno kujirekebisha halina hata kimoja: pana mahali papya, pana muda, na pana mtu anayetenda. Aliyelowea hakusahihishwa na yeyote. Alijifunza njia za mitaa, akajua duka la kununua na kisima cha kuteka, naye akaongeza lake.

Umbo lake ni la kupendeza, na hapa naomba subira ya msomaji. Mimi nasoma ndani ya lowea kitenzi lowa, chenye kiambishi cha kutendea. Nguo iliyolowa imeingiwa na maji hadi ndani ya uzi, haikurashiwa juujuu. Anayelowea mahali huingiwa na mahali pale vivyo hivyo. Mwingine akitaka kuvitenga vitenzi hivi viwili atenge, ila atueleze jinsi sauti na maana zilivyokutana namna hii. Kisha litazame tawi lake la nomino. Kutoka lea tunapata mlezi, kutoka pokea mpokezi, kutoka tetea mtetezi, kutoka kwea mkwezi. Hiyo z haikuletwa na mtu. Zamani vitenzi hivi vilikuwa na l, ambayo Kiswahili kiliiacha ikadondoka katikati ya irabu, na ndugu zetu wameihifadhi: tunaposema lea Wachewa husema lera, tunaposema kwea wao husema kwera na Wazulu khwela. Mbele ya ile i ya mtenda, l haikudondoka bali iligeuka z. Lowea inafuata njia hiyohiyo hadi mlowezi na ulowezi. Neno hili lina mizizi, lina matawi, na halimdai mtu ada ya kikao.

Hoja niliyojibiwa nilipolipendekeza neno hili kwa kikao cha istilahi, na nilijibiwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu katika rasimu yangu, ni kwamba mlowezi ni Mzungu aliyetwaa ardhi ya nyanda za juu za Kenya. Ni kweli kwamba historia imelitia neno mlowezi uchungu, na sitaki kuufuta uchungu huo; waliopokonywa mashamba wana haki nao. Lakini aliyechora mstari ule hakusoma nilichoandika. Sikupendekeza mtumiaji wa kompyuta aitwe mlowezi. Nilipendekeza kitenzi, na jina lake la kitenzi, kulowea. Kitenzi hicho hakikuchafuka. Mama akisema mwanawe alikwenda Muscat kufanya kazi akalowea, hakuna anayesikia habari ya kunyang'anya ardhi. Kuliacha neno zima kwa sababu ya tawi moja, kisha kuweka mahali pake neno la barua za onyo, si uangalifu wa lugha. Ni uvivu, na unaudhi zaidi ukitoka kwa watu waliokabidhiwa kazi hiyo.

Nasema hivi nikijua kwamba vikao vya istilahi vimewahi kutupa maneno mazuri. Mwaka 2004, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux, ilionekana wazi kwamba lugha hii inaweza kukaa kwenye menyu bila kujikunja. Kivinjari, pakua, sasisha: nani leo anaona haya kuyatamka? Na lipo sakinisha. Hilo nalipenda kuliko yote. Limetoka kwenye kusakini, kukaa mahali, shina lilelile la Kiarabu lililotupa maskani. Programu ikisakinishwa hupewa makazi ndani ya kompyuta. Basi upande wa mashine tuna neno kamili la makazi, na upande wa binadamu tunamwacha ajirekebishe? Sakinisha linamwita mwenzake. Mfumo husakinishwa, mtu hulowea. Kama nisingekuwa na hoja nyingine ningesimama na hiyo.

Wenye kupanga bajeti wakiuliza kama tofauti ya maneno haya ina uzito wowote kazini, nawapeleka Ulaya. Baraza la jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamisha kompyuta zake kwenda Linux, kiasi cha 14,000. Kazi ilichukua miaka, mashine zikahamishwa kweli. Lakini malalamiko ya watumishi hayakukoma, siasa za jiji zikabadilika, na mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Askari wa Gendarmerie ya Ufaransa walifuata mwendo mwingine. Mwaka 2005 walianza kutumia OpenOffice wakiwa bado ndani ya Windows, mwaka 2006 wakapewa kivinjari cha Firefox, na ndipo mwaka 2008 ukaanza uhamisho wenyewe kwenda Ubuntu. Siku mfumo ulipobadilika chini yao, programu walizokuwa wakizigusa kutwa zilikuwa zilezile. Wao wapo Linux hadi leo. Sisemi kwamba neno moja lingeiokoa Munich. Sababu zake zilikuwa nyingi, zikiwemo zisizohusu kompyuta. Nasema kwamba mpango unaohesabu mashine zilizohamishwa ni tofauti na mpango unaowapa watu muda wa kulowea, na kijitabu nilicholetewa hakina jina la kuitia hiyo kazi ya pili. Ndiyo maana kimeipa ukurasa mmoja, nayo kazi ya kwanza kurasa zote zilizobaki.

Nikigusa pia lile jina kubwa, sikubaliani na mfumo wa uendeshaji. Uendeshaji wa shirika ni menejimenti yake. Mhasibu akisoma tangazo la "mfumo mpya wa uendeshaji" atadhani mkurugenzi amebadili muundo wa idara, na atakuwa na haki ya kudhani hivyo. Mfumo endeshi ni bora, na tayari lipo midomoni mwa vijana wa vyuo. Linafuata njia ya elimu jumuishi na mbinu shirikishi, halihitaji kile kiunganishi cha wa, wala halichanganyiki na menejimenti. Wanaoliita la mitaani wanasahau kwamba mtaani ndiko lugha ilikokuwa kabla ya wao kupewa mihuri.

Matumizi ni mepesi. Mtu analowea kwenye mfumo. Ofisi hutenga muda wa kulowea. Mkufunzi huwasaidia watumiaji kulowea, wala hawaloweshi, maana kulowesha ni kutia maji. Ambaye hajamaliza bado hajalowea. Mafaili yahamishwe, programu zisakinishwe.

Kijitabu nimekirudisha kwa wenyewe kikiwa na masahihisho hayo pembeni ya kila ukurasa. Safari hii, kama neno langu litakatwa tena, naomba mkataji aandike sababu yake kwa sentensi kamili na jina lake chini yake, kama mimi nilivyoandika yangu.