Vitenzi Visivyotii Kanuni: Historia Fupi ya Jedwali la Unyumbuaji wa Kifaransa

1.0 Utangulizi

Anayeanza kujifunza Kifaransa hukabidhiwa mapema majedwali ya vitenzi vinne: être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda) na faire (kufanya). Vitenzi hivi ni miongoni mwa vinavyotumika zaidi katika lugha hiyo, na pia ni miongoni mwa vile ambavyo maumbo yake ni magumu zaidi kutabirika. Kwa kawaida huitwa vitenzi visivyo na kanuni, na mwanafunzi hutakiwa kuvikariri tu. Makala haya yanachunguza asili ya maumbo hayo. Neno unyumbuaji limetumika hapa kwa maana ya kubadilisha umbo la kitenzi kulingana na nafsi, wakati na hali. Hoja inayotetewa ni kwamba jedwali la unyumbuaji lina tabaka mbili: maumbo yaliyoletwa na mabadiliko ya matamshi na matumizi, na maumbo yaliyoteuliwa na watu wenye mamlaka juu ya lugha. Kuzitenganisha tabaka hizo kunabadilisha namna ya kulitazama kosa la mwanafunzi.

2.0 Urithi wa Kilatini

Kifaransa kilitokana na Kilatini cha mazungumzo kilichoenea Galia chini ya utawala wa Warumi. Kitenzi aller ni mkusanyiko wa vitenzi kadhaa vya Kilatini. Je vais, tu vas, il va na ils vont yametokana na vadere. Wakati ujao, j'irai, umetokana na ire. Nous allons na vous allez yana shina la tatu, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na ambulare. Être nacho ni mchanganyiko: je suis na nous sommes ni uzao wa sum na sumus, ilhali été imetokana na stare, yaani kusimama.

Hata sehemu zinazoonekana kuwa na utaratibu zina historia yake. Wakati ujao wa Kifaransa ulizaliwa pale Kilatini cha mazungumzo kilipounganisha kitenzi jina na kitenzi habere (kuwa na). Kutokana na cantare habeo tulipata chanterai. Ndiyo maana viishio vya je chanterai, tu chanteras na il chantera vinalingana na j'ai, tu as na il a. Mwanafunzi aliyekwisha kuijua avoir katika wakati uliopo ana ufunguo wa wakati ujao, ingawa ni nadra kuambiwa hivyo.

3.0 Nguvu ya Mkazo

Chanzo cha pili ni mkazo. Katika Kilatini, mkazo uliangukia mzizi katika baadhi ya nafsi na kiishio katika nyingine. Irabu iliyobeba mkazo ilibadilika kwa njia yake, na isiyobeba mkazo kwa njia nyingine. Hivyo tuna je viens lakini nous venons, je veux lakini nous voulons, je peux lakini nous pouvons. Zamani mtindo huu ulienea zaidi. Katika Kifaransa cha kale, aimer ilikuwa na mzizi wa am- katika wingi wa nafsi ya kwanza, na umbo je treuve la kitenzi trouver lilitumika hadi karne ya 17. Wasemaji wenyewe walizisawazisha tofauti hizo taratibu. Vitenzi vinavyosikika kila siku ndivyo vilivyostahimili usawazishaji huo, kwa kuwa mtoto huyashika maumbo yake kabla hajaigundua kanuni.

Msemaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili nyumbani kwake. Husema anakuja na anakula, lakini aje na ale. Ku- hubaki pale ambapo mkazo hauwezi kuangukia kiambishi cha wakati. Katika kuamrisha husema njoo na nenda, wala hakuna anayestaajabu.

4.0 Wateuzi wa Maumbo

Tabaka la pili liliongezwa na wanasarufi. Mwaka 1530 John Palsgrave, aliyewahi kumfundisha Kifaransa Mary, dada yake Mfalme Henry VIII, alichapisha London sarufi kubwa ya Kifaransa iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1550 Louis Meigret alitoa sarufi ya Kifaransa iliyoandikwa kwa Kifaransa chenyewe. Académie française iliundwa mwaka 1635, na mmoja wa wanachama wake wa mwanzo, Vaugelas, alitoa mwaka 1647 kitabu kuhusu matumizi bora ya lugha.

Ushahidi wa Vaugelas kuhusu aller ni wa thamani kubwa. Anaeleza kwamba wasomi walisema je vais, lakini watu wa kasri la mfalme walisema je va na kulidharau je vais kama neno la mikoani au la watu wa kawaida wa Paris. Leo je vais ndilo sahihi pekee katika jedwali, na je va huhesabiwa kosa. Vivyo hivyo, tahajia ya j'avois iliendelea kukubalika kirasmi hadi kamusi ya Académie ya mwaka 1835 ilipoidhinisha j'avais, tahajia ambayo Voltaire alikuwa ameitetea karne iliyotangulia.

5.0 Shule na Makundi ya Vitenzi

Mwaka 1780 Lhomond aliwagawia wanafunzi vitenzi katika makundi manne: -er, -ir, -oir na -re. Baada ya sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 kuifanya elimu ya msingi kuwa bure na ya lazima, jedwali liliwafikia watoto wote wa Ufaransa. Siku hizi shule hufundisha makundi matatu, na la tatu hukusanya vitenzi vyote vilivyosalia. Vitenzi ni vilevile. Kilichobadilika ni mgawanyo wake.

6.0 Hitimisho

Suala hili lina uzito katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watoto wengi wasemao Kiswahili husomeshwa kwa Kifaransa. Anayeandika j'allerai au vous faisez anafanya usawazishaji uleule ulioiondoa je treuve. Tofauti ni kwamba yeye hana mamlaka ya kuuidhinisha. Bado anapaswa kusahihishwa, kwa kuwa mtihani hupima Kifaransa sanifu. Hata hivyo, kosa lake ni dalili kwamba ameishika kanuni, na mwalimu anayelijua hilo ana mahali pa kuanzia kumfundisha.