Mgogoro wa njia za baiskeli Toronto
Mvutano kati ya serikali ya jimbo la Ontario, Kanada, na watetezi wa waendesha baiskeli jijini Toronto. Kabla yake, mwaka 2012 jiji lenyewe lilifuta njia za baiskeli za mtaa wa Jarvis, zilizochorwa 2010. Novemba 2024 bunge la jimbo, chini ya Waziri Mkuu wa jimbo Doug Ford, lilipitisha sheria ya kung'oa zile za mitaa ya Bloor, Yonge na University, kwa hoja ya kupunguza foleni. Chama cha Cycle Toronto kilikwenda mahakamani. Julai 2025 Jaji Paul Schabas aliamua kwamba kuziondoa kungehatarisha maisha, kinyume cha Katiba. Uzito wa hukumu uko hapa: hata wataalamu wa serikali yenyewe walikuwa wameonya kwamba foleni huenda isipungue. Serikali ilitangaza kukata rufaa.