Moto wa nyika Yaeda Chini: msitu ni wa nani, na nani azime?

Kiangazi kikikolea bondeni, majani yanakauka na moto mmoja unaweza kutembea usiku kucha. Wasikilizaji hutuuliza: msitu huu ni wa nani, na ukiwaka ni kazi ya nani?

Kwa sheria, ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kuisimamia, na inaruhusu hati miliki ya kimila. Wengi tulizoea kuona hati ya mtu au familia. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya pamoja, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hiyo.

Hati hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa biashara ya hewa ukaa. Miti ikibaki imesimama, Carbon Tanzania huuza hewa ukaa iliyohifadhiwa na vijiji hupata mgao, unaosaidia matibabu, ada za shule na posho za walinzi wa msitu. Basi moto ukila msitu, umekula na mgao.

Moto wenyewe hauanzi bure. Mrina asali huacha kijinga kikifuka chini ya mbuyu. Mfugaji huchoma apate majani mabichi na kupunguza kupe. Mkulima husafisha shamba, upepo ukageuka. Kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole, na hapo ndipo vikao vingi hukwama.

Mbuyu mkubwa huvumilia moto, mche hauvumilii. Ndiyo maana wataalamu hutofautisha moto wa mapema, mvua zikiisha tu na majani yakiwa bado na unyevu, na moto wa Septemba au Oktoba, ambao huwa mkali na huua machipukizi. Na kurudisha msitu si lazima kuanze na kitalu. Wasukuma wa Shinyanga wamerudisha miti kwa ngitili, yaani kufunga eneo la malisho kwa msimu ili visiki vichipue vyenyewe. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliutia nguvu utaratibu huo.

Hata Ulaya wanahangaika na hili. Ureno ilipoteza watu zaidi ya 100 kwa moto mwaka 2017. Huko sehemu kubwa ya misitu ni vipande vya watu binafsi, wengi wamehamia mjini, vichaka vimejaa bila mbuzi wa kuvila. Tangu 2005 sheria yao inaruhusu wenye vipande kuungana na kutunza msitu kwa mpango mmoja. Sisi tuna nafuu moja: mifugo na watu bado wapo.

Ukitaka kuchoma, kumbuka Sheria ya Misitu ya 2002 inaweka masharti ya kuchoma majani. Anza kwa serikali ya kijiji, waarifu majirani, fyeka mpaka kuzunguka eneo, subiri upepo utulie, na usiondoke hadi majivu yapoe. Kama kijiji chenu hakina sheria ndogo ya moto, ajenda hiyo ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji kabla ya Juni. Ikipitishwa, bado inahitaji idhini ya halmashauri ya wilaya, na hilo huchukua muda.