Kabla ya kusema "pombe haramu": uzi kuhusu busaa, leseni na nani aliambiwa asipike

Msimu wa siasa ukikaribia kuna ahadi mbili hazikosi jukwaani: barabara, na "kumaliza pombe haramu". Ya barabara tumeizoea. Leo tuongelee hii ya pili, kwa sababu wiki nzima nimeona watu wakitukanana hapa bila kujua sheria yenyewe ilianzia wapi. Sitataja chama wala jina la mtu. Na nyinyi msinitajie.

Nianze na yangu. Desemba iliyopita nilipika busaa kwa mara ya kwanza maishani, kwa nyanya yangu huko Magharibi. Kulikuwa na shughuli ya familia, Kukhu akasema mikono yake imechoka, mimi ndiye nitakoroga. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke, kisha unakaangwa juu ya bati mpaka ugeuke kahawia. Hapo nililia, moshi ule si mchezo. Ukipoa unachanganywa na maji na kimea cha wimbi, unafunikwa. Siku mbili tatu inaanza kutoa povu na kuchemka yenyewe bila moto. Kimea ndicho siri: wimbi likishaota linavunja wanga wa mahindi kuwa sukari, na sukari ndiyo inageuka kileo. Nikamuuliza Kukhu kipimo cha kimea ni ngapi. "Utajua kwa kunusa." Sikujua. Mtungi wangu wa kwanza ulitoka siki tupu, ukamwagwa nyuma ya migomba.

Tukingoja wa pili uive, akanihadithia kwamba busaa ndiyo ilimlipia baba yangu karo. Na kwamba alishikwa mara mbili miaka ya 80. Mara ya pili walibeba hata sufuria za kupikia ugali. "Na yangu haikuwahi kuua mtu," akasema, akaendelea kupepeta.

Hayo maneno ndiyo yalinirudisha kwa vitabu. Kwa sababu ukisikiza jukwaani utadhani sheria za pombe zililetwa kuzuia vifo. Sivyo zilivyoanza.

Turudi Nairobi ya mwanzoni mwa miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni inataka vibarua mjini lakini haitaki kulipia maisha yao mjini. Hapo maofisa wakaangalia Afrika Kusini. Durban ilikuwa imebuni mpango tangu 1908 na 1909: Mwafrika akatazwe kupika bia yake mjini, baraza la mji lipike na kumuuzia, halafu faida ilipie huduma za Waafrika. Nairobi ikaiga. Pumwani ikajengewa ukumbi wa bia wa manispaa, na mama aliyekuwa akipika nyumbani kwake akawa mhalifu. Bia ilikuwa ile ile ya nafaka. Kilichobadilika ni mfuko ambao pesa iliingia. Fikiria hesabu yake: kibarua anakunywa, faida inajenga mtaa wake duni, na mzungu wa Westlands haguswi mfukoni.

Waliopoteza zaidi walikuwa wanawake. Nairobi ya wakati huo kazi za mshahara zilikuwa za wanaume, kwa hivyo mwanamke aliyefika peke yake alikuwa na njia chache sana za kupata shilingi, na kupika pombe ilikuwa mojawapo. Kuna waliojenga nyumba za kupangisha Pangani na Pumwani kwa pesa ya aina hiyo. Kibera nako, ambako familia za askari Wanubi wa KAR zilikuwa zimepewa makazi, wanawake walikuwa wakitonesha pombe kali iliyoitwa jini ya Kinubi. Misako haikuisha, na pombe nayo haikuisha.

Durban kwenyewe watu hawakunyamaza. Mwaka 1929 walisusia kumbi za bia za manispaa, na 1959 wanawake wa Cato Manor wakaziandamia na kuzivamia, wakisema waume zao wanamalizia mishahara humo huku wao wakikamatwa kwa mtungi mmoja. Mkisema "mama pima" kwa dharau, mjue hiyo ni historia ndefu ya siasa.

Sasa jambo linalonikera. Kiwanda cha bia tunachokijua wote kilianzishwa na walowezi hapa Nairobi mwaka 1922, kipindi kile kile. Bia yake ya chupa Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Yaani ya kwako usipike, ya mzungu usinywe, kunywa ya manispaa.

Mtasema hiyo ilikuwa ukoloni. Sawa. Uhuru ukaja. Sheria ya pombe za kienyeji ya 1971 iliruhusu vilabu vya busaa vyenye leseni. Mwisho wa muongo huo serikali ikavipiga marufuku, na 1980 ikapitishwa sheria ya kuharamisha chang'aa. Kukhu alishikwa ndani ya miaka hiyo. Kilabu alichokuwa akikiuzia kilifungwa na wanywaji hawakuhama. Walihamia jikoni kwake.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu najua kuna mtu anaandika jibu tayari. Pombe imeua Wakenya wengi. Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga, zaidi ya watu 130 walikufa. Mei 2014 vifo tena, Embu ikiumia zaidi. Februari 2024, Kangai huko Kirinyaga. Lakini uliza waliuawa na nini. Ni methanoli, kemikali ya viwandani. Busaa ikichachuka haitoi methanoli ya kumpofusha mtu. Methanoli inanunuliwa kwa mapipa, inasafirishwa kwa gari, inapita vizuizi vya barabarani, halafu mtu anaichanganya na pombe ili iwe kali kwa bei rahisi. Mtungi wa mama na pipa la mfanyabiashara tumevipa jina moja, "pombe haramu", na msako ukija unajua kufika kwa mtungi kwanza. Ya Kangai ndiyo ilinimaliza: polisi wenyewe walisema ile pombe ilikuwa kielelezo kilichohifadhiwa kituoni.

Na akina mama wa Kati wanaoandamana wakisema vijana wao wameisha, siwapingi. Wanaona wanachokiona. Ninachobisha ni dawa wanayopewa, ambayo ni msako, kamera, pombe kumwagwa mtaroni, na mwezi ujao tuko pale pale.

Kuna wakati serikali ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2004 bia ya kegi ilipunguziwa ushuru ili mtu wa kipato cha chini apate kitu salama anachoweza kukinunua. Mtama wa wakulima ukapata soko pia. Mwaka 2013 nafuu hiyo ikakatwa, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka vibaya sana. Miaka michache baadaye ikarudishwa. Sisemi kegi ni malaika. Nasema ushuru unaamua nani anakunywa nini kuliko rungu la askari.

Halafu kuna sheria ya 2010, ile mliyoizoea kwa saa za baa, kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo ilifuta marufuku ya chang'aa ya 1980. Ndiyo, chang'aa iliruhusiwa, mradi uwe na leseni, utimize viwango, uitie kwenye chupa ya glasi yenye lebo. Sasa niambieni, nani pale kijijini ana pesa ya mtambo wa chupa? Mlango ulifunguliwa kwa kampuni, Kukhu akabaki nje.

Na leseni za pombe, kwa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo anayegombea kiti cha kitaifa akikuahidi kumaliza pombe haramu, muulize methanoli itafuatiliwa vipi kutoka bandarini mpaka kwa mnunuzi wa mwisho. Anayegombea ugavana muulize kama kaunti itakuwa na leseni ya mama mwenye mitungi miwili, itagharimu ngapi, na nani atakuja kupima.

Mtungi wangu wa pili uliiva. Wazee waliuzunguka na mirija yao mirefu, na chifu mmoja aliyestaafu akauliza nani amepika. Kukhu akaninyooshea kidole haraka sana, kama mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo zamani.