Mwamba wa Matumbawe wa Chumbe
Magharibi mwa kisiwa hiki cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, upo mwamba wa matumbawe ambao Serikali ya Zanzibar iliufunga kwa uvuvi mwaka 1994. Kila tumbawe ni jumuiya ya wanyama wadogo wanaojenga chokaa polepole mno. Baruti, juya au nanga huvunja mara moja kazi ya miongo mingi. Walinzi wa hapa, wakiwemo waliokuwa wavuvi wa vijiji jirani, hawabebi silaha: huzungumza na wenzao baharini.

Wapo wanaouliza mvuvi anafaidi nini bahari ikifungwa. Samaki hawana mpaka: hapa hukua na kutaga, na mkondo huyachukua mayai hadi maji yanayovuliwa. Hoja nzito zaidi ni joto la bahari, kwani ulinzi haukuyazuia matumbawe kupauka mwaka 1998. Ni kweli. Lakini samaki wanaokula mwani wakiwapo, mwamba hubaki safi na matumbawe machanga hupata pa kushika. Wakimalizwa, mwani huutwaa. Kwa hiyo hata kupandikiza matumbawe, kazi njema kabisa, hakudumu pasipo ulinzi.

Ukiogelea, elea, usikanyage wala kushika.